Rede kwanza, karanga baadaye

Kwa mnaokwenda kujitolea shule za msingi huku Chamwino, Bahi na Kongwa, mkoani Dodoma: msianze na vitafunwa. Ukitangulia na mfuko wa karanga watoto watakuzoea kama mgawaji, na siku ukija mikono mitupu hakuna atakayekusogelea.

Anzeni na rede, mchezo ambao wawili wanarusha mpira kumlenga aliye katikati. Mpira ni soksi kuukuu iliyojazwa vitambaa na kufungwa kwa kamba. Msitie mchanga ndani, unaumiza. Warushaji 2 waachane hatua 12 hivi, na upepo uwapige ubavuni, la sivyo mmoja atarusha huku vumbi likimwingia machoni (Agosti ya Dodoma mnaijua). Wa katikati anajaza mchanga kwenye chupa ya nusu lita huku akikwepa. Chupa ya lita moja na nusu inachelewesha zamu, wanaosubiri wanaanza kusukumana. Na wewe mgeni ingia kati, upigwe! Mtoto akishakutoa kwa mpira wa soksi, shikamoo yake inayofuata huja na kicheko.

Kisha wanawe mikono, mle. Kilo 2 za karanga zinatosha watoto 40, kikombe cha kahawa kila mmoja. Zichambueni kabla ya kukaanga: zilizosinyaa au kuota ukungu zitupwe. Moto hauondoi sumukuvu yote, yaani sumu ya ukungu, na mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu Dodoma na Manyara. Mwenye mzio wa karanga mpeni ubuyu. Mwulizeni mwalimu mapema, si wakati mikono imeshanyooshwa.