Madirisha ya Kaskazini

Kiswahili kina neno moja, ukungu, kwa ajili ya ule mvuke mweupe unaofunika mabonde alfajiri na kwa ajili ya yale manyoya ya kijivu yanayoota juu ya mkate uliokaa siku nyingi kabatini. Waitaliano wana maneno mawili, nebbia na muffa, wala la kwanza halimkumbushi mtu la pili. Nilikuwa nimelitumia neno hilo tangu utotoni bila kulifikiria, mpaka Novemba 2014, nilipokuwa nafanya kazi ya msimu darini mwa nyumba moja ya mawe katika vilima vya Valpolicella, kaskazini ya mji wa Verona.

Mimi ni mtoto wa mkulima wa zabibu. Nilizaliwa Hombolo, nje ya Dodoma, ambako mizabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na nimekua nikijua kwamba zabibu ikishakatwa ni ya kukimbizwa: asubuhi iko shambani, jioni iko ndani ya lori, na lori lisipofika, baba halali. Kwetu, kusubiri na zabibu zilizokwisha kuvunwa kulikuwa na maana moja tu, hasara. Kwa hiyo nilipofika katika nyumba ile mwishoni mwa Septemba, nikiwa mwanafunzi anayehitaji fedha za majira ya baridi, nikaambiwa kwamba vichala tunavyokata leo vitalala darini mpaka mwishoni mwa Januari ndipo vikamuliwe, na kwamba mvinyo wake utakaa ndani ya pipa miaka saba baada ya hapo, niliitikia kwa heshima huku moyoni nikiona kwamba watu hawa hawajawahi kufukuzana na lori.

Familia ilikuwa ndogo: Mzee mwenye shamba, mama yake ambaye sote tulimwita Nonna, yaani Bibi, binti yake na mumewe. Shamba lao lilipanda kilima kwa ngazi za ardhi zilizoshikiliwa na kuta za mawe yasiyo na saruji, ambazo wenyeji huziita marogne, na mizabibu yao ilitambaa juu ya vipandio kama mapaa ya kijani, nasi tukivuna tuliinua mikono badala ya kuinama. Aina kuu zilikuwa Corvina, Corvinone na Rondinella. Inasemekana kwamba Corvina ilipata jina kutokana na kunguru kwa weusi wake, na Rondinella kutokana na mbayuwayu. Nilipenda jambo hilo mara moja, kwa sababu hao ni ndege ninaowajua.

Si kila kichala kilichopanda darini. Mzee alitaka vile vilivyoachana punje, ambavyo ukivishika dhidi ya mwanga unauona mwanga katikati yake, kwa maana kichala kilichobanana hakipitishi hewa na huoza kikianzia moyoni. Mwaka ule kazi ya kuchagua ilikuwa ya kuhuzunisha. Kiangazi cha 2014 kaskazini mwa Italia kilikuwa cha mvua tupu, punje zilikuwa na ngozi dhaifu, na kwa kila kreti tuliyopandisha tulikuwa tumeacha nyingi zaidi zikatengenezewe mvinyo wa kawaida. Kile kidogo kilichokuwa darini ndicho kilichokuwa matumaini ya mwaka mzima.

Na hapo ndipo nilipolazimika kusahau elimu ya nyumbani. Bibi yangu mzaa baba alikausha majani ya mlenda juu ya paa la tembe, juani, na kazi ya jua ilikuwa kuua unyevu haraka kabla haujaleta uharibifu. Kule Valpolicella jua halitakiwi kabisa. Hawakaushi zabibu, wananyausha. Vichala hulazwa kwa safu moja juu ya vichanja vya matete, vinavyoitwa arele, vilivyopangwa kutoka sakafuni hadi kwenye boriti, katika kivuli na baridi, na upepo peke yake hufanya kazi hiyo kwa siku 100 au 120. Kichala hupoteza theluthi moja ya uzito wake au zaidi. Maji huondoka, sukari hubaki, na ndani ya ngozi ile inayokunjamana kunatokea ladha ambazo hazikuwemo siku ya mavuno. Ukikamua zabibu hizo na kuzuia chachu isimalize sukari, unapata Recioto, mvinyo mtamu wa zamani wa eneo lile. Ukiiacha chachu iendelee polepole wiki baada ya wiki katika baridi ya Januari na Februari mpaka sukari iishe, unapata Amarone, wenye kileo kisichopungua asilimia 14.

Dari letu lilikuwa na madirisha 16, manane upande wa kusini na manane upande wa kaskazini. Majirani wengi walikuwa na feni kubwa na mashine za kunyonya unyevu. Mzee hakuwa nazo, wala hakuzidharau, ila alisema kwamba nyumba ile ilijengwa juu ya kilima kwa sababu ya upepo na kwamba yeye hajaona bado sababu ya kuunyang'anya upepo kazi yake. Kanuni ilikuwa nyepesi kuisema: hewa kavu ikishuka kutoka milima ya Lessini, fungua, unyevu ukipanda kutoka tambarare na Mto Adige, funga, na jua likizama, funga yote, hata kama hewa ni kavu. Alikuwa akiweka kiganja juu ya jiwe la dirisha, akatulia kidogo, kisha akaamua.

Tarehe 11 Novemba ni sikukuu ya San Martino, siku ambayo wakulima wa kule huihesabu kuwa mwisho wa mwaka wa shamba. Jioni hiyo kulikuwa na kastanye zilizochomwa, mvinyo mpya, na wageni wa ukoo. Mzee aliniambia nipande nikafunge. Nilipanda. Nikafunga madirisha manane ya kusini, kwa kuwa huko ndiko ukungu ulikotokea kila mara. Nilipofika kaskazini nilisimama. Hewa ilikuwa kavu na baridi safi, na kichwani mwangu kulikuwa na mhadhara wa wiki ile kuhusu mzunguko wa hewa, nao ulinishawishi kwamba usiku mmoja wa upepo ungezisaidia zabibu za mwaka wa mvua kuliko kuzifungia. Sikusahau. Ni lazima niliseme hilo, maana kwa muda mrefu nilijaribu kulikumbuka kana kwamba nilisahau. Niliamua. Kisha nikashuka, Mzee akaniuliza kama nimefunga, nikajibu, "Nimefunga, Mzee."

Usiku upepo ulikufa. Ukungu uliotanda juu ya tambarare ulipanda kilima, ukaizunguka nyumba, na ukaingia kwa mgongoni, ambako hakuna aliyeutazamia. Niliamka kabla ya mapambazuko nikaona kwamba taa ya uani haionekani. Nilipanda ngazi bila viatu. Darini palikuwa na weupe, mihimili ilipotelea ndani yake, na nilipogusa kichala cha karibu vidole vyangu vilirudi na maji. Nilifunga madirisha yale manane kimya kimya, nikafuta mawe yake kwa mkono wa sweta, nikashuka kunywa kahawa pamoja na wengine.

Siku mbili zilizofuata hazikuleta upepo. Siku ya tatu Bibi, ambaye alikuwa hapandi tena ngazi zile ila kwa nadra, alisimama chini yake akiwa na kikapu cha nguo, akainua uso na kunusa. Alisema neno moja tu: "Muffa." Sisi tulikuwa tumepita hapo asubuhi nzima bila kuhisi kitu.

Tulipopanda na taa tulikuta ukungu wa kijivu umeota katika vichanja vyote vilivyokuwa karibu na ukuta wa kaskazini, hasa kwenye Corvina; Rondinella zilizolala hatua mbili tu kutoka hapo zilikuwa nzima. Zipo nyumba zinazoupokea ukungu kidogo, ule wa taratibu, kwa imani kwamba huongeza ulaini wa mvinyo. Mzee hakuwa mtu wa kundi hilo, na huu haukuwa wa taratibu. Ulikuwa umepasua punje, na punje moja iliyopasuka ilikuwa imelowesha jirani zake.

Tulikaa darini siku mbili na usiku uliokuwa katikati yake. Kila mtu alikuwa na mkasi mdogo wenye ncha nyembamba. Ulichukua kichala kama unavyochukua kifaranga, ukakizungusha chini ya taa, ukakata punje iliyoharibika pamoja na kikonyo chake, ukakata na zile zilizoigusa, ukakirudisha kwenye kichanja kingine kilichosuguliwa na kukaushwa. Ukibonyeza sana, umepasua nyingine. Bibi aliletewa kiti na blanketi, akawa mwepesi kuliko sisi sote, na mikono yake ilipokuwa ikifanya kazi alitueleza kwamba alipokuwa mtoto vichanja hivyohivyo vilibeba viwavi wa hariri wakati wa masika na zabibu wakati wa vuli. Watoto walichuma majani ya mforsadi tangu alfajiri, na usiku, alisema, viwavi wakila ilisikika darini sauti kama mvua. Walikuwa wakifungua na kufunga madirisha kwa ajili ya viwavi vilevile, kwa maana nao unyevu uliwaua. Fedha ya hariri ililipa madeni ya masika. Mvinyo ulilipa yaliyobaki.

Nilimsikiliza na koo likanikaza. Saa saba ya usiku, wakati binti na mumewe wameshuka kupumzika, nilimwambia Mzee ukweli, pamoja na sababu yangu ya siku ile, kwa sababu nilitaka ajue kwamba sikuwa mzembe. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kukata. Halafu aliniuliza kama nilikuwa nimesikia habari ya pipa la Negrar.

Nilikuwa nimeisikia; kila mtu katika bonde lile anaijua. Inasimuliwa kwamba mwaka 1936, katika ushirika wa wakulima wa Negrar, msimamizi wa ghala aitwaye Adelino Lucchese alikuta pipa la Recioto lililosahauliwa, chachu imekula sukari yote, na utamu umetoweka. Alitarajia kitu cha kumwaga. Alipoonja akakuta mvinyo mkavu wenye nguvu na fahari, akasema huu si mchungu tu bali ni ule mchungu mkubwa, na hilo ndilo jina Amarone. Nilidhani Mzee ananifariji kwa habari hiyo. Hapana.

"Pipa unaweza kulisahau nalo likakusamehe," alisema. "Zabibu iliyo juu ya matete haisamehi. Bado inapumua. Ungekuwa umesahau, ningekukumbusha. Lakini uliniambia umefunga, nami nikalala."

Hakupaza sauti. Asubuhi, baada ya kumaliza safu ya mwisho, tulihesabu hasara: vichanja 11 vilikuwa vimetolewa kabisa, na vilivyobaki vilikuwa vimekondeana. Kisha akanichukua tukashuka ghalani, chini ya nyumba, ambako mapipa makubwa ya mwaloni wa Slavonia yalisimama gizani, meusi kwa umri, kila moja limeandikwa mwaka kwa chaki. Sheria ya Amarone inataka mvinyo ukae angalau miaka miwili kabla ya kuuzwa, na minne kwa ule wa akiba; desturi ya nyumba ile ilikuwa saba. Alinionyesha pipa la 2008, lililokuwa bado lina safari. Akachota kidogo kwa mrija wa kioo, akanipa. Niliyaonja matunda makavu, ngozi, kitu kama tumbaku, na nyuma yake uchungu mwembamba uliokaa ulimini muda mrefu baada ya kumeza. Nilijaribu kuutafuta usiku wowote wa Novemba 2008 ndani yake, nikashindwa, na nadhani hilo ndilo alilotaka nijue: kwamba mtu fulani alifunga madirisha kila jioni, ndiyo maana hakuna kilichobaki cha kuonja.

"Kama mama asingenusa," alisema, "lile ulilofanya ungelikuta hapa, ukiwa mtu mzima, mwaka 2022."

Niliponya macho yangu kwa kutazama sakafu. Nilikuwa nimejiandaa kuambiwa nifungashe, nami nisingeona kwamba nimeonewa. Tulipanda juu tukala mchuzi na mkate, na Bibi akaniongezea bila kuniuliza. Mchana upepo wa Lessini ulirudi, tukafungua madirisha yote 16, na harufu ya darini ikaanza kugeuka, polepole, kutoka kabati la kale kuelekea tena kwenye ile ya zabibu.

Saa kumi na nusu mwanga ulipoanza kupungua, Mzee alikuwa uani akipakua kuni. Mumewe binti alikuwa amesimama mlangoni, na nilimwona akielekea ngazini, kwa sababu ilikuwa dhahiri kwamba kazi ile haikuwa yangu tena. Mzee alimwita arudi. Akaniangalia mimi, akaelekeza juu kwa kidevu.

"Nenda kafunge, mwanangu."

Nilianza na upande wa kaskazini. Niliweka kiganja juu ya jiwe la dirisha la kwanza, nikatulia kama nilivyomwona yeye akitulia. Lilikuwa na baridi, lakini kavu kabisa, na hewa iliyopita juu yake ilikuwa safi kama ile ya San Martino. Nikalifunga.