Barua ya fidia imekuja na asilimia ndogo: ufanyeje?

Mfanyakazi wa kiwanda cha minofu ya sangara akikatwa vidole, wenzake wa zamu humkimbiza hospitali ya Sekou Toure au Bugando hapa Mwanza. Dai lake la fidia huanza kuandikwa hapohapo mapokezi, ajue asijue. Daktari atauliza, "Umeumiaje?" Mgonjwa akijibu "nilianguka tu" kwa sababu msimamizi amesimama pembeni, neno hilo linaingia kwenye faili. Miezi minane baadaye, akidai kuwa mashine ndiyo iliyomkata, ataonyeshwa faili lile.

Kwa hiyo sema wazi: umeumia kazini, saa ngapi, ukifanya nini, kwa kifaa gani, mkono wa kulia au wa kushoto. Kama huwezi kuongea, aliyekupeleka aseme. Hakikisha jina linaandikwa kama lilivyo kwenye kitambulisho cha taifa. Mtu anayeitwa jina moja kwenye kadi ya hospitali, lingine kwenye mkataba na la tatu kwenye akaunti ya benki atapoteza wiki nyingi akitafuta viapo vya kuthibitisha kwamba wote watatu ni yeye.

Fidia ya aliyeumia kazini Tanzania Bara inatawaliwa na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, Sura ya 263, na hulipwa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Michango ya waajiri ilianza Julai 2015, malipo ya mafao yakafuata Julai 2016. Mchango ni wa mwajiri peke yake. Ukiona makato ya WCF kwenye hati yako ya mshahara, hoji. Na huhitaji kuthibitisha uzembe wa mwajiri. Kinachotakiwa ni kwamba ajali ilitokea kazini na kwa sababu ya kazi. Watu wengi hukaa kimya kwa kuamini kuwa "kosa lilikuwa langu, nilivua glovu". Toa taarifa hata hivyo.

Wewe au ndugu yako mnamwarifu mwajiri mapema iwezekanavyo, kwa maandishi, mkibaki na nakala iliyogongwa muhuri au kusainiwa. Mwajiri naye ana siku 7 za kuufikishia Mfuko taarifa. Akisuasua, usimsubiri: nenda mwenyewe ofisi ya Mfuko na nakala yako, kadi ya matibabu na ushahidi kwamba ulikuwa kazini. Dai lisipofikishwa ndani ya miezi 12 linakuwa hatarini kufa kabisa, na miezi 12 ya mtu anayefanyiwa upasuaji mara tatu hupita upesi.

Unapokuwa nje ya kazi kwa muda, malipo ni asilimia 70 ya kipato chako, hadi miezi 24. Anayepata 400,000 kwa mwezi atalipwa 280,000. Mgogoro wa kwanza mara nyingi huanzia kwenye kipato chenyewe: mwajiri anaandika mshahara wa msingi tu, huku posho za kudumu zikiwa zimeachwa. Peleka hati za mshahara za miezi kadhaa pamoja na taarifa ya benki au ya simu inayoonyesha fedha zilizoingia.

Sasa tuje kwenye asilimia. Ulemavu wa kudumu hupimwa baada ya jeraha kutulia, yaani pale ambapo matibabu zaidi hayatabadilisha hali sana. Ukipimwa asilimia 30 au chini, unalipwa mkupuo. Ukizidi 30, unalipwa pensheni ya kila mwezi. Hapa 28 na 32 hazitofautiani kwa pointi nne tu: mmoja anaondoka na fedha za mara moja, mwingine ana kipato cha kila mwezi. Ndiyo maana barua ya Mfuko ikifika, kabla ya kutazama kiasi cha fedha, tazama asilimia na sababu zake.

Pinga kwa hoja za kitabibu. Barua inayosema "nimeonewa, nina watoto watano" inagusa moyo lakini haimpi mpimaji kitu cha kubadilisha. Rudi kwa daktari bingwa aliyekutibu umwombe ripoti yenye vipimo: kidole kimekatwa kwenye pingili ipi, kiwiko kinakunjika nyuzi ngapi, nguvu ya kushika imebaki kiasi gani, ganzi iko wapi, picha za eksirei za tarehe zipi. Aeleze pia kazi uliyokuwa ukifanya. Mara nyingi asilimia huwa ndogo kwa sababu ripoti ya mwisho ilitaja jeraha moja ikaacha la pili. Mtu kavunjika mguu na kupoteza usikivu sikio moja, lakini faili lina mguu tu.

Ngazi za kulalamika ziko hivi. Unaanza kwa kuuomba Mfuko wenyewe upitie upya uamuzi wake. Usiporidhika unakwenda kwa Waziri mwenye dhamana ya kazi, na baada ya hapo Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Kuruka ngazi ni kosa linaloua madai mazuri: jaji hataangalia vidole vyako, atauliza kwanza kama ulipita njia iliyowekwa. Andika tarehe uliyopokea barua juu ya bahasha yenyewe na uitunze bahasha hiyo, kwa maana muda wako unaanzia hapo.

Wavuvi na vibarua wa mialoni, yaani sehemu za kupakulia samaki, ndio wanaoachwa nje kirahisi zaidi. Tajiri wa mitumbwi atasema, "Hawa si wafanyakazi wangu, tunagawana dagaa." Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, kifungu cha 61, inasema mtu atachukuliwa kuwa mwajiriwa hadi ithibitishwe vinginevyo ikiwa kipo hata kigezo kimoja kati ya kadhaa: anapangiwa namna au saa za kazi, amefanya kazi kwa mtu huyo wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita, anategemea kipato cha mtu huyo, au anapewa vifaa vya kazi. Mtumbwi, nyavu, taa na mafuta vikiwa vya tajiri, na yeye ndiye anayeamua usiku wa kwenda majini, mvuvi ana pa kusimamia. Tatizo lake ni ushahidi: daftari la mgao, ujumbe wa simu, miamala, mashahidi wawili wa kambi. Vikusanye kambi ikiwa bado haijahama kisiwa.

Kuna jambo linalochanganya wengi: kuumia na kufukuzwa kazi ni madai mawili, milango miwili. Ukiachishwa kazi baada ya ajali, lalamiko linakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Siku hizo hazisimami kwa sababu dai lako la WCF bado linashughulikiwa. Unajaza fomu namba 1 ya CMA, unampatia mwajiri nakala, kisha unaiwasilisha Tume pamoja na uthibitisho kwamba ameipokea. Huduma ni bure. Kumbuka pia kuwa likizo ya ugonjwa ni siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili na nusu ya pili kwa nusu mshahara, na mwajiri anapaswa kutafuta kama ipo kazi nyepesi unayoiweza kabla ya kukuachisha.

Ukichelewa, unaomba kuongezewa muda kwa fomu namba 2 ya CMA, na hapo kila siku ya kuchelewa inatakiwa kuelezwa. "Nilikuwa naumwa" haitoshi. Weka hati ya kuruhusiwa kutoka wodini na kadi za kliniki zenye tarehe. Ukishindwa kwenye tuzo, yaani uamuzi wa CMA, unaomba marejeo Mahakama Kuu ndani ya wiki 6 tangu kupewa tuzo.

Ajali ya barabarani ina njia yake. Chukua PF3, fomu ya polisi ya kupelekea majeruhi hospitalini, lakini majeruhi mahututi atibiwe kwanza, fomu ifuate. Piga picha namba ya gari, na stika ya bima ikiwepo. Uhai wa bima unahakikiwa kwa namba hiyo kwenye mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA. Tazama pia aina ya matumizi: pikipiki iliyokatiwa bima ya matumizi binafsi huku ikibeba abiria Igoma hadi Buzuruga ni mgogoro unaosubiri. Omba polisi taarifa ya ajali, mchoro na ripoti ya ukaguzi wa gari.

Kisha fuatilia kesi ya dereva. Wengi hukiri kosa siku ya kwanza, wanalipa faini na kuondoka, majeruhi akiwa bado na chuma mguuni. Nakala iliyothibitishwa ya hati ya mashtaka na hukumu hiyo ni ushahidi mzito kwako. Bima ikikataa au ikikupa kiasi kisichoeleweka, kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima kabla ya kufikiria mahakama. Shauri la kudai madhara mahakamani linafunguliwa ndani ya miaka 3.

Mahakamani, gharama ulizotumia zinathibitishwa kwa risiti moja moja. Maumivu na hasara nyingine za jumla zinaachwa kwa busara ya hakimu. Rufaani hali ni hiyohiyo: Mahakama Kuu haiongezi kiasi cha jumla kwa sababu tu ingetoa zaidi, ni lazima uonyeshe hakimu alifuata kanuni isiyo sahihi au alitoa kiasi kidogo mno. Kutoka Mahakama ya Wilaya muda ni siku 90. Omba nakala za hukumu na dikrii (hati ya amri inayotokana na hukumu) kwa barua siku ileile hukumu inaposomwa, ubaki na nakala yenye muhuri wa masjala, kwa kuwa muda wa kusubiri nakala hizo unaweza kuondolewa kwenye hesabu. Zikitoka, linganisha tarehe na majina kwenye karatasi zote mbili ukiwa bado dirishani. Zikitofautiana, zirudishe zisahihishwe kabla hujaondoka.

Na yule anayekujia wodini na karatasi ya "kumaliza mambo kifamilia" kwa laki tatu, chukua jina lake na nakala. Usitie saini wala dole gumba kabla msaidizi wa kisheria au wakili hajaisoma.