Siku moja maishani mwangu: kupima misuli inayochoka

Saa 1:30 asubuhi. Kazi yangu ni kupima neva na misuli kwa umeme hospitalini. Kabla ya kuwasha kompyuta nazima kiyoyozi. Joto la Dar es Salaam wagonjwa hawalipendi, lakini mkono wa baridi huficha ugonjwa ninaoutafuta leo. Nataka ngozi isipungue nyuzijoto 32, kwa hiyo beseni la maji ya uvuguvugu na taulo vinakaa karibu.

Saa 2:00. Viganja vyenye ganzi, kisha mguu uliolegea baada ya sindano ya takoni. Saa nne nimewamaliza.

Saa 4:15. Anaingia mama mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, pamoja na binti yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

Sauti yake safi kabisa. Binti anasema, "Dada, ungemsikia alasiri." Kipindi cha kwanza anafundisha vizuri, kufikia cha nne maneno yanatokea puani na jicho la kushoto linaanza kufumba lenyewe. Nyama anaitafuna mwanzoni mwa mlo, katikati taya linagoma. Mtaani wamesema ana jini, kazini wamemwita mvivu. Inaniuma kila ninaposikia hivyo, maana ugonjwa unaoonekana jioni na kupotea asubuhi humfanya mtu aonekane mwongo.

Daktari anashuku miastenia gravisi. Kinga ya mwili hushambulia vipokezi vya asetilikolini, kemikali inayopeleka amri ya neva kwenye msuli. Neva ni nzima na msuli ni mzima. Tatizo liko pale vinapokutana. Alishaanzishiwa vidonge vya piridostigmini, vinavyosaidia amri ifike kwenye msuli, na ili visifiche ugonjwa, kwa ruhusa ya daktari hajameza tangu jana jioni.

Saa 4:40. Naanza na msuli wa kidole kidogo cha mkono. Naufunga mkono usicheze, naongeza umeme mpaka wimbi kwenye skrini lisipande tena, halafu nazidisha kidogo. Kisha mapigo kumi, matatu kila sekunde. Kwa mtu mzima wa afya mawimbi yote hulingana kimo. Ya mama yameshuka kwa asilimia 4 tu.

Mwenye haraka angeandika "kawaida" hapa. Lakini ugonjwa huu hupenda uso, shingo na mabega, kwa hiyo nahamia begani, nikisisimua neva ya shingoni. Panauma zaidi, namwambia mapema. Wimbi la nne limeshuka kwa asilimia 24 chini ya la kwanza. Ikizidi asilimia 10 tunasema si kawaida. Narudia, jibu ni lilelile. Namwomba ainue bega kwa nguvu sekunde kumi: mawimbi yanakaribia kulingana. Halafu aliinue tena kwa dakika nzima, apumzike, nipime kila dakika. Kwenye dakika ya tatu mporomoko ni asilimia 31.

Daktari Mjerumani Friedrich Jolly aliona msuli ukichoka hivihivi kwa umeme mjini Berlin, mwaka 1895. Dawa yenye nafuu ya kweli ilisubiri hadi 1934, daktari Mary Walker alipoionyesha Uingereza. Mama huyu tayari ana vidonge vyake kwenye mkoba, namruhusu ameze.

Saa 6:00. Majibu kamili atapewa na daktari, ila jambo moja siwezi kuliacha lisubiri. "Mama, ukishikwa na homa, kabla hujapewa dawa yoyote sema unachunguzwa miastenia." Kwinini ya malaria, na antibiotiki kama gentamisini na siprofloksasini, zinaweza kumlegeza mpaka pumzi ishindwe, na kwetu hizo ni dawa za kila siku. Binti anaandika majina kwenye simu. Ili nione nguvu ya kupumua, namwomba mama ahesabu kwa pumzi moja, anafika 32.

Saa 8:00. Mzee ambaye kope tu ndizo zinashuka. Usoni na begani hakuna kitu. Naandika wazi kwamba kipimo hiki hakiondoi miastenia, kwa sababu inapokaa machoni peke yake mara nyingi hatuioni. Napendekeza damu ipimwe kingamwili zinazoshambulia vipokezi vile. Barafu juu ya kope kwa dakika mbili inainua jicho lake, na hilo pia naliandika.

Saa 9:30. Ripoti. Joto la ngozi, misuli niliyopima, saa ya kidonge cha mwisho: bila hayo namba zangu hazimsaidii daktari. Nampigia kuhusu mwalimu, kwa sababu kumeza kumeanza kumsumbua. Anataka amwone kesho, na picha ya CT ya kifua ifanyike kutafuta uvimbe wa thaimasi, tezi ya kinga iliyo kifuani. Nampigia binti: waje saa moja na nusu, na vidonge wasivisahau.