Sakafu ya Banda la Gari Iliyonishinda Mara Mbili

Banda la gari la nyumbani kwetu Tabata lilimwagiwa zege mwaka 2011, na kufikia mwaka juzi lilikuwa na ufa ulioanzia mlangoni ukapinda hadi chini ya rafu ya vifaa, pamoja na vijiufa vingine ambavyo sikuwa na haja ya kuvihesabu. Fundi wa kwanza aliutazama akiwa amesimama, hakuchuchumaa hata kidogo, akaniambia, "Mzee, hapa ni uji wa saruji tu, ukikauka unapaka rangi." Nilimlipa, nikapaka rangi, na wiki ya tatu matairi yakaubandua uji ule vipande vipande kama ukoko wa wali. Ushauri huohuo nimepewa tena na watu wanne, wote kwa uhakika uleule.

Nilipoamua kuifanya kazi mwenyewe, nilitaka kwanza kujua kama ufa ulikuwa bado unapanuka. Nilikoroga jasi kidogo, nikabandika madonge matatu mepesi yaliyouvuka ufa, na pembeni ya kila donge nikaandika tarehe kwa penseli. Mke wangu aliuliza kama ninawapikia mijusi mikate. Masika yote yalipita bila donge hata moja kupasuka, nami nikaridhika kwamba sakafu ilikuwa imetulia. Kama yangepasuka, ningeachana na habari ya epoksi, ile rangi ngumu ya kemikali niliyokusudia kupaka, na kumtafuta fundi wa misingi ya nyumba.

Ufa niliupanua kwa grainda mpaka ukawa na umbo la herufi V, nikaondoa vumbi lote, nikaujaza epoksi iliyochanganywa na mchanga mkavu. Sakafu nzima nayo niliikwangua kwa diski ya almasi, nikiwa nimevaa barakoa nzito, kwa maana vumbi la zege si la kuvuta kifuani. Muuzaji mmoja alikuwa amenishauri nimwage maji ya betri badala ya kukwangua. Nilikataa, kwa kuwa asidi ile ikikutana na chokaa iliyomo kwenye saruji huacha jasi juu ya sakafu, na nisingependa kuupaka unga huo rangi ya gharama.

Sasa nije kwenye aibu yangu. Epoksi huja katika makopo mawili, na niliyonunua ilichanganywa nne kwa moja. Jumamosi moja, saa nne asubuhi, nilimimina yote kwenye ndoo moja ili kuokoa muda, nikakoroga vizuri kabisa, nikatumbukiza rola, kisha simu ikaita. Niliongea dakika kama ishirini. Niliporudi, ndoo ilikuwa ikifuka moshi, na nilipoishika mpini nikauachia kwa kelele. Niliikokota hadi uani kwa fimbo ya reki, na huko plastiki ililegea, ikabonyea upande mmoja, huku rola ikibaki wima katikati, imegandamana kama nguzo. Epoksi hutoa joto inapoganda, na ikiwa imerundikana ndoani joto hilo halina pa kutokea, kwa hiyo huzidi kuiharakisha. Laki na ushee iliteketea hivyo, na gogo lile tunazuilia geti hadi leo.

Tangu hapo nilichanganya kiasi kidogo tu, nikakimimina chote sakafuni palepale na kukitandaza kwa rola, maana ikishatandazwa nyembamba hupoa na kukupa muda. Saa ya kupaka pia niliibadili. Asubuhi zege hupata joto, hewa iliyomo ndani yake hupanda na kutoboa rangi vitundu vidogo. Nilianza saa kumi na moja jioni, sakafu ikiwa inapoa, na vitundu havikuonekana. Kabla ya hapo nilikuwa nimebandika nailoni ya nusu mita kila upande kwa selotepu, nikaiacha siku nzima, nikaibandua kuona kama kuna matone chini yake, dalili ya unyevu unaopanda kutoka kwenye zege. Palikuwa pakavu. Kwa hali ya hewa ya Dar es Salaam, anayeruka jaribio hilo anacheza bahati nasibu.

Tabaka la pili nililipaka kesho yake jioni, nikanyunyizia mchanga laini kwenye njia ya miguu ili mtu asiteleze mvua ikiingia. Gari nililiacha nje wiki nzima, ingawa kijana wangu alinisumbua kila siku kwamba kumekauka. Ukibonyeza kwa ukucha ni kweli kumekauka, lakini tairi lililotoka barabarani likiwa moto ni mzigo mwingine.

Mwaka umepita na ufa hauonekani. Sehemu iliyo karibu na mlango, inayopigwa na jua, imeanza kugeuka njano kidogo. Sehemu nyingine imebanduka, ukubwa wa sahani, mahali ambapo gari la zamani lilikuwa likivuja oili. Hapo niliosha kwa sabuni mara moja tu, na nilipodondosha maji yalisimama kama matone juu ya jani la mgomba badala ya kunyonywa. Niliyaona, nikapaka hivyohivyo.