Meno ya Feni

Mwaka wangu wa pili wa masomo ya ubunifu wa bidhaa tulipewa kazi moja: chagua kifaa cha nyumbani, kifungue chote, kisha ukijenge upya ndani ya kompyuta, kipande kimoja kimoja, mpaka vipande vikubali kukaa pamoja. Wenzangu walikimbilia tochi na makufuli. Mimi nilitaka feni ya mezani. Aliyekulia Dar es Salaam ataelewa. Kuanzia Desemba hadi Machi unalala unaitazama inavyogeuza shingo, inakuja kwako, inakwenda kwa mdogo wako, na wewe unasubiri zamu yako. Ya kwetu ilikuwa imeacha kugeuka.

Jumamosi niliifunga kamba, nikapanda nayo mwendokasi kutoka Kimara mpaka Gerezani, nikaenda kwa fundi mmoja mtu mzima mwenye kibanda upande wa Kariakoo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Imeungua, au haigeuki?"

"Haigeuki. Lakini leo naomba tuifungue tu, nijifunze."

Alitandika gazeti juu ya meza, akanikabidhi bisibisi ya nyota. "Unachotoa kwanza kiweke kushoto kabisa. Kinachofuata, pembeni yake. Wakati wa kurudisha unaanzia kulia." Darasani tulishaambiwa tupange vipande kwa mtiririko ndani ya programu, ila nilikuja kuelewa faida yake pale mezani.

Tulianzia kwenye plagi. Nilikuwa nimebeba venia, kipimo cha kubana vitu vidogo, nikapima miguu: ule wa juu milimita 22.7, ile miwili ya chini 17.7. Fundi akaeleza kwamba ule mrefu ndio unaotangulia kuingia na kufungua vifuniko vya matundu mawili ya chini. Ndiyo maana watu huchomeka kalamu tundu la juu wapate kuingiza chaja ya miguu miwili, mchezo ambao napenda kila mzazi aukataze nyumbani kwake.

Raha yenyewe ilikuwa nyuma ya mota. Shafti ina ncha mbili. Ya mbele inabeba panga. Ya nyuma, ambayo hakuna anayeiona, imechongwa mkato unaozunguka mithili ya uzi wa skrubu, nao unasukuma gia ya plastiki. Fundi akazungusha shafti kwa kidole. Ilizunguka weee, na gia ikasogea kidogo tu. Mwendo ule ulioishiwa kasi unashuka hadi kwenye kisahani chini ya boksi la gia, chenye pini isiyokaa katikati, na pini imeshika mkono wa chuma uliofungwa kwenye shingo ya stendi. Stendi haiendi popote, kwa hiyo kinachosogea ni kichwa chenyewe: mota inajisukuma kulia na kushoto. Miaka yote nilikuwa nalala mbele ya hesabu nzuri namna ile!

Nilipopima boksi la gia, upana wa mdomoni ulizidi kidogo ule wa chini. Nikarudia kupima. Fundi akasema kuta zikisimama wima kabisa, kitu hakitoki kwenye kalibu, yaani umbo kinamomiminiwa. Hata wanaomimina sufuria za alumini huacha mdomo upanuke. Tangu siku ile sichori ukuta wa plastiki bila kujiuliza utatokaje kwenye kalibu.

Ugonjwa nao tuliuona: gia ya plastiki ilikuwa imeliwa meno upande mmoja. Fundi alisema ya kufanana nayo haipo dukani.

Usiku nikafungua FreeCAD, programu ya bure ya kuchorea vipande, ambayo kompyuta yangu ya zamani iliimudu. Meno yaliyoliwa hayapimiki, lakini yaliyobaki yalikuwa yamepishana nyuzi 9, na 360 ukigawa kwa 9 unapata meno 40. Nilichora jino moja zima kwa uangalifu wote niliokuwa nao, nikaiamuru programu ilirudie kuzunguka mhimili. Gia ikatokea imekamilika. Nikaiweka mahali pake, nikasogeza pini ya kisahani milimita moja zaidi kutoka katikati, na shingo ya feni ikageuka mbali zaidi kwenye skrini. Nikamwita mdogo wangu aje aone.

Wiki iliyofuata nilimpelekea fundi kompyuta. Aligeuzageuza umbo kwa kipanya, akalitazama kwa chini, akaomba nimwondolee kifuniko, akanyamaza akiangalia meno. Kisha akachana kipande cha boksi, akaandika: meno 40, kipenyo, unene, tundu la katikati.

"Soma tena hicho kipenyo," akasema. Nikasoma. Akampa kijana wake kile kipande, akamtuma mtaa wa pili kwa mchonga gia.