Ripoti ya barabara za New York: nenda moja kwa moja kwenye namba zinazogusa maegesho

Mimi nina kaugonjwa kangu ambako wenzangu hawakaelewi kabisa, kila mwaka ukifika mwezi wa pili naitafuta ripoti ya idara ya uchukuzi ya jiji la New York, ile DOT yao, naisoma mwanzo mpaka mwisho kama watu wengine wanavyosoma magazeti ya michezo. Sisemei zile ripoti za picha, meya kashika mkasi anakata utepe na watoto wanapiga makofi. Nasemea ile ambayo sheria inawalazimisha waitoe, wapende wasipende, waseme mwaka uliopita waliahidi kiasi gani na wametoa kiasi gani.

Sheria yenyewe ni ya jiji, namba 195 ya mwaka 2019, ilipita de Blasio akiwa meya na aliyeisukuma kwa nguvu ni Corey Johnson, spika wa baraza la jiji kipindi kile. Kabla ya hapo mipango ilikuwepo bwana, tena mizuri, imejaa maneno matamu ya usalama na mazingira, ila ukitaka kumbana mtu umuulize mbona hamjafanya, huna pa kumshikia. Johnson na wenzake wakaamua namba ziingie ndani ya sheria kabisa. Ndani ya miaka 5 kuanzia 2022 jiji liweke maili 150 za leni za mabasi zenye ulinzi na maili 250 za njia za baiskeli zenye kizuizi, kwa kilomita ni kama 240 na 400 hivi. Mwaka wa kwanza waanze polepole, maili 20 za basi na 30 za baiskeli, halafu kuanzia 2023 isipungue 30 na 50 kila mwaka. Na bado kuna vituo vya basi vya kuboresha, taa zinazotoa kipaumbele kwa basi, taa za sauti kwa wasioona, makutano 400 ya kupanga upya kila mwaka, na futi za mraba milioni 1 za nafasi ya waenda kwa miguu ndani ya miaka miwili ya mwanzo.

Sasa hapo ndipo utamu unapoanza, maana ukikaa na hizo ripoti ukazilinganisha unaona kitu ambacho hakuna aliyekiandika humo lakini kipo wazi kama jua la saa sita. Kazi zisizomnyang'anya mtu sehemu ya kupaki gari zinakwenda. Kazi zinazoondoa maegesho zinakwama. Ndo hivyo tu.

Chukua taa inayotoa kipaumbele kwa basi. Basi likikaribia, mfumo unajua linakuja, taa ya kijani inaongezewa sekunde kadhaa au nyekundu inakatwa mapema, basi linapita. Nani atakuja kwenye mkutano wa mtaa kupiga kelele kuhusu sekunde nne? Hakuna, wala hajui zimebadilishwa. Au ile taa inayompa mtembea kwa miguu nafasi ya kuanza kwanza, sekunde kama 7 kabla ya magari kuruhusiwa, ukishaingia katikati ya barabara dereva anayekata kona anakuona mwili mzima. Gharama yake ni mtu kwenda kurekebisha muda wa taa. Hizo zimeenea jiji zima na hakuna vita iliyopiganwa.

Halafu njoo kwenye leni ya basi. New York ina nafasi za kupaki pembeni mwa barabara takriban milioni 3 na karibu zote ni za bure, kwa hiyo popote unapotaka kuchora leni nyekundu ya basi au kuweka baiskeli kati ya njia ya miguu na magari, kuna mtu amepaki pale, na huyo mtu amepaki pale miaka 20, kwake hiyo si barabara ya umma tena, ni sebule yake. Mwaka 2023 idara ilijenga maili kama 32 za njia za baiskeli zenye ulinzi ikatangaza kwamba ni rekodi. Na ni kweli, ilikuwa rekodi. Sheria ilitaka 50. Hivyo vitu viwili vyote ni kweli kwa wakati mmoja na taarifa kwa waandishi inakupa kile cha kwanza tu, cha pili unakitafuta mwenyewe. Upande wa mabasi ndo usiseme, huko pengo ni kubwa zaidi.

Mfano ninaoupenda (kuupenda kwa hasira) ni Fordham Road kule Bronx. Barabara ile mabasi yake yanabeba abiria kama 85,000 kwa siku, idadi ya mji mzima wa wastani. Leni za basi zipo tangu zamani ila simama pale jioni uangalie jinsi zinavyofanya kazi. Lori la mizigo limesimama juu ya leni, hazadi zinawaka, dereva yuko ndani ya duka anasainiwa karatasi. Basi linafika nyuma yake, linapiga indiketa kuhama, magari ya leni ya kati hayatoi nafasi, taa inageuka nyekundu, abiria 60 wanakaa wanamtazama mtu mmoja akishusha maboksi. Taa ikifunguka basi linachomoza pua, linapita, halafu mita 30 mbele kuna gari lingine. Wastani wa mwendo wa mabasi ya New York ni kama kilomita 13 kwa saa na usidhani ni kwa sababu injini zimechoka. Idara ilileta mpango wa kuibadilisha ile barabara, wafanyabiashara na taasisi za eneo lile wakapinga, na mwaka 2023 ofisi ya meya ikaachana na mageuzi makubwa. Wahandisi walishafanya kazi yao, michoro ipo. Kwenye ripoti hiyo inatokea kama maili ambazo hazipo, huwezi kuziona kwa sababu hakuna safu inayoitwa "tulitaka tukazuiwa", na mimi ningekuwa diwani ningedai hiyo safu iwekwe.

Na wasikwambie haiwezekani. Manhattan kuna Mtaa wa 14, mwaka 2019 waliamua kuanzia asubuhi mpaka usiku katikati ya mtaa wapite mabasi na malori tu, gari binafsi unaruhusiwa kuingia kushusha mtu ila lazima ukate kulia kona ya kwanza inayofuata. Watu wakaenda mahakamani, ikasimamishwa miezi kadhaa, wakatabiri mitaa ya jirani itafurika magari mpaka milangoni. Oktoba ikaanza. Mabasi yakaongeza kasi mpaka asilimia 24, abiria wakapanda asilimia 30, na ule msongamano uliotabiriwa mitaa ya jirani haukutokea vile walivyoogopa. Baada ya hapo ungetegemea wafanye kumi kama hizo kwa mwaka, si ndiyo? Haya.

Lakini kuna kitu kimoja kwenye ripoti hizi ndo kilinifanya niamini kwamba tatizo si uwezo. Zile taa za sauti. Kwa asiyeona, kwenye nguzo ya kivuko kuna kaboksi kanatoa mlio wa tiki tiki ili akapate, ana kitufe chenye mshale unaotetemeka kikiwa ni zamu yake kuvuka, na sauti inamwambia. New York ina makutano yenye taa zaidi ya 13,000 na miaka michache nyuma yenye hiki kifaa hayakufika hata asilimia 5. Fikiria unatoka nyumbani huoni na kwenye kila kona unategemea masikio yako kubahatisha magari yanatoka wapi. Chama cha wasioona kikaishtaki jiji, mwaka 2020 jaji wa mahakama ya shirikisho akasema jiji linavunja sheria ya haki za watu wenye ulemavu, na Desemba 2021 akatoa amri, makutano zaidi ya 9,000 yawekewe ndani ya miaka 10 na yote yakamilike 2036, na akaweka msimamizi huru wa kuangalia kama wanatekeleza. Ghafla kazi ikaanza kutembea, mamia kwa mamia kila mwaka. Jiji lilelile, bajeti ileile ya kulalamikiwa kila siku, mafundi walewale.

Tofauti ni kwamba amri ya jaji ina mtu anayekusubiri mlangoni na sheria namba 195 haina. Ukikosa lengo la leni za basi hakuna faini, hakuna anayekatwa mshahara, kinachotokea ni kikao cha baraza ambapo kamishna anaulizwa maswali makali halafu anasema wafanyakazi wachache, ushirikishwaji wa jamii unachukua muda, tunajivunia rekodi yetu. Mwaka unaofuata hivyohivyo.

Basi kama na wewe ukishikwa na huu ugonjwa, au una ripoti ya jiji lako mkononi maana ujanja ni mmoja dunia nzima, kuna maneno ya kuyatazama kwa jicho la pembeni. La kwanza ni "mpya na zilizoboreshwa", likija kwa pamoja hivyo jua kuna leni za zamani zimepigwa rangi tena zikahesabiwa, na kupaka rangi upya ni kazi halali kabisa, rangi inaisha, leni iliyofifia dereva anajifanya hakuiona, ila siyo leni mpya. La pili ni maili za leni. Barabara ya maili moja yenye leni nne inahesabika maili nne, kwa hiyo ukisikia jiji limetandaza lami zaidi ya maili 1,000 kwa mwaka usifikirie barabara moja inayotoka New York kwenda Florida. Na la tatu ni ulinzi. Ulinzi wa nini? Zege? Safu ya magari yaliyopaki? Vijiti vya plastiki ambavyo gari linavilaza na kuondoka? Kwenye namba vyote vinaingia sawasawa, kwenye mguu wako havifanani hata kidogo.

Halafu usisahau majira. Ile rangi nzito inayoyeyushwa na kumwagwa barabarani haishiki kwenye baridi, viwanda vya lami navyo vinapumzika kipupwe, kwa hiyo mwaka wa kazi ni kuanzia kama Machi au Aprili mpaka Novemba. Mradi ukichelewa miezi miwili kwa mabishano ya mtaa haucheleweshwi miezi miwili, unahamia mwaka unaofuata. Wapingaji wazoefu wanalijua hili vizuri sana, hawahitaji kushinda hoja, wanahitaji kufika Novemba tu. Jiji lina bodi za jamii 59, kisheria ni za ushauri, lakini ushauri ukiombwa mara tatu unakuwa kura ya turufu.

Kitu kingine kinachowachanganya watu, mabasi si ya jiji. Mabasi ni ya MTA, shirika la usafiri wa umma lililo chini ya serikali ya jimbo, barabara ni ya DOT ya jiji. Anayeendesha basi hawezi kuchora leni na anayechora leni haendeshi basi. Hata kamera zile zinazofungwa mbele ya basi kupiga picha gari lililokaa kwenye leni zinahitaji hao wawili waelewane. Hivyo abiria akichelewa kazini anamlaumu dereva wa basi, ambaye kwenye hadithi yote hii ndo mtu pekee asiye na kosa.

Niseme haki pia. Kwenye makutano na nafasi za waenda kwa miguu idara imefanya vizuri kuliko kwenye leni, na hilo linaokoa watu. Mwaka 1990 watu 701 walikufa barabarani New York. Mwaka 2014 walianza mpango wa kutaka vifo vifike sifuri wakashusha mwendo wa kawaida mpaka maili 25 kwa saa, kufika 2018 vifo vilikuwa karibu 200, halafu 2021 vikaruka juu ya 270 madereva walipoonja barabara tupu za korona. Usalama unarudi nyuma ukiuacha, ndiyo maana napenda ripoti ya kila mwaka hata ikiwa ya aibu. Ningependa zaidi kama ingeweka vifo na leni kwenye ukurasa mmoja, mtaa kwa mtaa, tuone palipokwama mradi palitokea nini.

Mpango wa pili wa miaka 5 unatakiwa utoke Desemba 2026, na safari hii aliyekaa kwenye kiti cha meya ni Zohran Mamdani, huyu aliyezaliwa Kampala, ambaye moja ya ahadi kubwa za kampeni yake ilikuwa mabasi ya haraka na ya bure. Bure ni mambo ya pesa na kuelewana na jimbo, ila haraka iko mikononi mwake kabisa, ni rangi na zege na kumwambia mwenye gari ahame. Mimi huo mpango ukitoka nitaruka dibaji na picha, naenda kwenye maili za leni za basi kwa mwaka, halafu natafuta kama Fordham Road imetajwa.