Mizani ya Tisa

"Mama, mahabubu ni nani?"

Binti yangu aliuliza bila kuinua macho kwenye daftari. Nilikuwa naepua sufuria. Nikamjibu harakaharaka kwamba mahabubu ni mtu anayependwa na watu, kisha nikabaki nimeishika ile sufuria kwa tambara hadi joto likapenya vidoleni. Mwalimu wao amewapa beti za Utendi wa Mwana Kupona, wosia wa mama kwa bintiye, wazihifadhi, na kati ya zote amekwama pale pale nilipokwama mimi:

Pili uwe na adabu,
na ulimi wa thawabu,
uwe mtu mahabubu
kula utakapongia.

Nilikuwa kidato cha pili. Ilikuwa wiki ya harusi ya binamu yangu, Mji wa Kale, Mombasa, na sebule ya shangazi ilijaa wanawake walioketi mikekani, nyungo mapajani, wakichagua mchele. Shangazi alikuwa amesikia kwamba nimeshinda shuleni kwa kughani, akanisimamisha katikati. Sikukataa. Nilikuwa nimeusubiri wito huo tangu asubuhi.

Nikaanza na maradhi yaliyomshika mtunzi hata yakatimu mwaka. Leo siwezi kuyasoma maneno hayo bila koo kunibana. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu alikuwa mgonjwa, ana binti wa kumwachia maneno, na muda unamwishia. Miaka michache baadaye akafariki. Beti 102 alizomtungia binti huyo, Mwana Hashima, ni sauti ya mama anayefunga mzigo wa safari ya mtu mwingine. Siku ile sikuyawaza hayo. Niliwaza jinsi sauti yangu inavyojaa chumba.

Kulikuwa na bibi mmoja wa Kiamu, mtu wa Lamu, jamaa ya mume wa shangazi, aliyeketi karibu na mlango. Kidole chake kilikuwa kikigonga ukingo wa ungo, polepole, kikifuata mizani zangu, silabi za kila mshororo: nane, pumziko, nane, pumziko. Sikukigundua mpaka kiliposimama. Kwenye daftari langu nilikuwa nimeyasafisha maneno yote yaliyoniudhi kwa kutofanana na Kiswahili cha darasani. "Kwanda" nikaifanya "kwanza". Na pale kwenye ubeti wa adabu nikaghani, kwa madaha: "kila utakapoingia."

Kidole kikabaki juu.

"Hapo pamezidi, mwanangu," akasema. "Ni kula utakapongia. Rudi."

Alilisema kama mtu anayemwambia mwenzake ushungi umeteleza, autengeneze. Hakukuwa na kejeli ndani yake. Lakini nilisikia uso unawaka, nikamjibu mbele ya wote: "Hicho si Kiswahili sanifu, Bibi. Sisi tumefundishwa na walimu. Wewe hata kusoma hujui."

Ni kweli hakujua. Utendi mzima ulikuwa kifuani mwake. Aliupokea kwa mamake, kwa sikio.

Nyungo zilinyamaza. Mama aliinamisha kichwa, na shangazi akafungua mdomo kunikemea, lakini yule bibi akamtangulia kwa kiganja tu, kuashiria: mwache. Akaendelea kutazama mchele wake. Akaiona chuya moja, akaitoa kwa ukucha, akaiweka kando pamoja na wenziwe. Mkono haukutetemeka. Nakumbuka niliutazama mkono huo nikitamani utetemeke, ili nijue kwamba nimemfikia. Kisha akausogeza ungo, akajivuta kidogo kuelekea ukutani, akaupapasa mkeka mahali palipobaki wazi.

"Ndoo mbee ujilisi," akasema.

Ni mshororo wa utendi wenyewe, Mwana Kupona anapomwita bintiye asogee, aketi. Wanawake wawili watatu wakaumalizia kwa sauti ya chini, kama waitikiavyo dua: "na wino na karatasi."

Nikaenda nikaketi. Goti langu liligusana na lake. Alishika kidole changu cha shahada, akakigongesha kwenye ungo huku akiughani ubeti wake: nane kila mshororo, hadi mwisho. Kisha akanighania mshororo wangu. Kidole kikagonga mara tisa. Nikaisikia mizani ile ya tisa kama kokoto ndani ya wali. Akanimegea mchele kwenye ungo mwingine, nikachagua hadi adhuhuri, na sikusema neno.

Samahani nayo sikuisema.

Harusi ikapita. Yeye akarudi Lamu. Baada ya miaka miwili zikaja habari kwamba amefariki.

Binti yangu alisikiliza yote haya, kalamu imetua. Halafu akaniuliza ninachojiuliza mwenyewe kila niusomapo utendi huu: "Sasa mtu akikuonea, unyamaze tu, ndiyo adabu?" Sijui kama nilimjibu vyema. Wapo waliotumia beti hizi kumfunga mwanamke mdomo, nami sipendi kumrithisha mwanangu hilo. Lakini yule bibi hakunyamaza. Kosa langu hakuliacha lipite, alilisimamisha kwa kidole kimoja. Ni tusi langu tu ambalo hakulitia mkononi. Nilimwambia kwamba nadhani ulimi wa thawabu unakaa mahali fulani hapo, na kwamba mimi, umri huu, bado jibu kali hunifika mdomoni kabla ya jibu la haki.

"Na radhi? Ulimwomba?"

Sikujibu swali hilo. Nikamwambia badala yake kwamba mbele kidogo atakutana na ubeti unaosema kiumbe ni radhi tano, ndipo apate usono, yaani raha, wa akhera na dunia. Akataka kuzijua. Akazihesabu kwenye vidole nikimtajia: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama, ya mume.

Akautazama mkono wake uliokunjuka wote.

"Na ya yule bibi?" akauliza. "Mbona vidole vimekwisha?"